Mkaguzi wa Mizani Anatafuta Chekechea

Kazi yangu mizani. Asubuhi, na mawe yangu ya shaba
ndani ya kisanduku chenye mahameli,
nazunguka soko la Sib, kwa wauza jodari na changu,
naweka kilo yangu juu ya kilo yao.
Ikisema kweli, naibandika stika ya kijani.
Ikisema uongo, naipiga lakiri, natukanwa
kwa lugha nne, nanawa mikono, naenda zangu.

Kwa hiyo muhuri naujua.
Muhuri hausemi: mtu huyu mwema.
Husema: Jumanne ile, saa tatu na robo,
jiwe hili lilipowekwa hapa, mshale haukuyumba.
Ya Jumatano anayajua Mungu na muuza samaki.

Agosti, lami inanata kwenye viatu,
Muzna katimiza miaka mitatu na nusu,
nikampakia garini.

Ya kwanza, Mawaleh. Jumba jeupe, twiga ukutani,
na mapokezini, ndani ya fremu, ithibati:
herufi za dhahabu, nembo mbili, sahihi
ya mtu aliyekaa mbali, kwenye baridi.
Binti wa mapokezi akaigusa fremu kwa ukucha
kama anayeonesha picha ya harusi yake.
"Tumethibitishwa," akasema. Mimi nikasoma tarehe.
(Ugonjwa wa kazi. Hata kopo la maziwa nalipindua.)
Ilibaki miezi miwili.
Nikauliza walimu wana muda gani hapa.
Akahesabu kimoyomoyo. Akaniletea juisi.

Ya pili, Al-Khudh, nyumbani kwa Bi Ghalya.
Hana fremu. Ana zulia, ana kuku wawili,
na mtoto mmoja kamlalia mapajani,
kamasi zimekauka, roho imetulia.
Alinisemesha Kiswahili cha kwetu, kile
mama alichokuja nacho kutoka Pemba
pamoja na mbuzi ya kukunia nazi,
na Muzna, anayeninunia hata mimi, akacheka papo hapo.
Moyo ukasema: hapa.
Macho yakasema: subiri.
Mtungi wa gesi, na jiko halina mlango.
Watoto kumi na tisa, mtu mzima mmoja na nusu
(nusu ni mjukuu wake, na simu mkononi).
Nilipouliza kibali, akanicheka:
"Mwanangu, mapenzi yanakaguliwa na nani?"

Wiki nzima nikatembea na swali hilo.
Mama kwenye simu: "Wewe ulifunzwa na nani, mwenye cheti gani?
Mbona hukuliwa?"
Hilal: "Chagua ya karibu na kazini."
Ni kweli, mama, sikuliwa.
Lakini sisi hatukuwa na basi.
Hapa kuna basi, na basi lina kiti cha nyuma,
na juani, madirisha yamefungwa,
gari huwa tanuri kabla chai haijapoa.
Kila mzazi wa hapa analijua hilo.
Hakuna anayelitamka.

Jumanne nikarudi Mawaleh bila miadi,
kama niwarudiavyo wauza jodari.
Saa moja na nusu. Nikaegesha ng'ambo ya barabara.
Basi likafika, watoto wakashuka,
vibegi vikubwa kuliko migongo.
Dereva keshazima injini. Na mwalimu,
msichana wa mtandio wa kijani, akapanda tena peke yake.
Nikamhesabia hatua.
Akafika kiti cha mwisho. Akainama. Akatazama chini yake.

Nikavuka, nikamuuliza nani kamfundisha.
"Imo kwenye karatasi," akasema, akaona haya.
"Wakaguzi walitusumbua kwa hilo mwaka mzima."

Bi Ghalya nimempelekea fundi wa mlango wa jiko.
Kanuna, kisha kampikia fundi chapati.
Muzna atakwenda kwake Alhamisi jioni, kwa ajili ya kuku.
Fomu ya Mawaleh nimeijaza, sijaitia sahihi.

Jumatano, saa moja na nusu,
nilikuwa pale pale, ng'ambo ya barabara,
injini inanguruma, nimeanza kuhesabu.